Mjuzi Aliyeikataa Dawa: Uhakiki wa Kitabu cha Kay Redfield Jamison

Vitabu vya maradhi ni vya namna mbili. Kuna kitabu cha tabibu, asimamaye kando ya kitanda na kueleza ayaonayo. Na kuna kitabu cha mgonjwa, alalaye kitandani na kueleza yanayompata. Cha kwanza hutufundisha jina la ugonjwa, sababu zake na dawa yake. Cha pili hutufundisha uchungu wake. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa kauli hiyo walimpa mgonjwa haki ya kusikilizwa. Lakini ni nadra mno watu hawa wawili kukutana katika mwandishi mmoja. Kitabu tunachokusudia kukipima hapa ni kimojawapo cha hivyo vya nadra. Jina lake ni An Unquiet Mind, nasi kwa sasa tuliite Akili Isiyotulia. Kilitolewa Marekani mwaka 1995, na mwandishi wake, Kay Redfield Jamison, ni mwanasaikolojia na profesa ambaye maradhi aliyoyasomea na kuyafundisha ndiyo yale yale yaliyomshika yeye mwenyewe.

Maradhi hayo siku hizi huitwa baipola. Sikusudii kukieleza kitabu hiki kama habari za utabibu, maana hiyo si kazi ya jarida la fasihi, ingawa utabibu hatutaweza kuukwepa. Nakusudia kuuliza swali moja: kitabu hiki kimetuambia jambo gani ambalo kitabu cha tabibu peke yake kisingaliweza kutuambia? Jawabu langu, nitakalolitetea hata mwisho, ni hili: kimetuonyesha kwa nini mtu mwenye elimu kamili aweza kuikataa dawa inayomponya. Asiyelijua hilo haujui ugonjwa huu, ajapokuwa amehifadhi majina yake yote.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya ugonjwa wenyewe. Kila moyo una masika na kiangazi chake. Kufurahi siku ya harusi na kulia siku ya msiba si ugonjwa. Ugonjwa huanza pale ambapo furaha na huzuni zinaacha kufuata mambo ya dunia na kuanza kufuata mwendo wao zenyewe. Kuna majira ya kupanda. Hapo mgonjwa hulala saa mbili au tatu tu, naye huamka hana uchovu. Mawazo humjia mbio, maneno humtoka kama mto uliofurika, fedha hazikai mkononi, naye hujiona ana uwezo usio na mpaka. Hali ikizidi huamini yasiyokuwapo na kusikia sauti zisizo na wenyewe. Kisha huja majira ya kushuka, ambayo katika Kiswahili cha leo tumezoea kuyaita sonona. Hapo chakula hakina ladha, kazi ndogo huwa mlima, na pengine kifo huonekana ndiyo pumziko. Baina ya majira hayo mawili mgonjwa aweza kukaa miezi au miaka akiwa mzima kama wewe na mimi. Aghalabu ugonjwa huu hujitokeza katika ujana. Una mizizi mikubwa katika nasaba, ingawa si kila mtoto wa mgonjwa huurithi. Wala hauletwi na uvivu, wala na upungufu wa imani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa nao.

Sasa tuingie kitabuni. Jamison ni binti wa afisa wa jeshi la anga la Marekani. Simulizi la utoto wake laanza katika kiwanja cha shule, karibu na kambi ya ndege iliyo jirani na mji wa Washington. Watoto walikuwa wakicheza, mara ndege ya kijeshi ikapita chini mno juu ya vichwa vyao, ikaanguka mitini na kulipuka. Baadaye ikajulikana kwamba rubani angaliweza kuruka na kujiokoa, lakini kwa kufanya hivyo angaliiacha ndege iwaangukie watoto; akabaki nayo, akafa. Mwandishi asema kwamba rubani yule alikaa moyoni mwake kama kipeo cha wajibu ambacho ni vigumu kukifikia. Msomaji wa haraka huenda akadhani kisa hiki ni pambo la mlangoni tu. Sivyo. Kitabu kizima ni habari ya mtu aliyezipenda mbingu, na ambaye ilimpasa kuchagua baina ya raha ya kuruka na usalama wa walio chini yake. Akisha kuisoma sura ya mwisho, msomaji hurudi kwenye ndege ile na kuiona upya.

Baada ya kisa hiki twamwona msichana akihamia California mwaka 1961 pamoja na wazazi wake. Baba yake, aliyekuwa mcheshi na mwenye ndoto kubwa, akaanza kuingia katika giza la moyo na kunywa pombe. Binti mwenyewe alishikwa kwa mara ya kwanza alipokuwa bado mwanafunzi wa shule ya sekondari. Hakumwambia mtu. Katika nyumba ile watu walifundishwa kuvumilia na kunyamaza, nasi tulio wengi tumelelewa katika nyumba kama hiyo.

Uhodari mkuu wa Jamison waonekana katika namna anavyoieleza hali ya kupanda. Mwandishi asiye mkweli angaliieleza kama jinamizi tangu mwanzo, ili msomaji aogope na kumwonea huruma. Yeye hafanyi hivyo. Anatutia kwanza katika raha yake. Twamwona saa nane za usiku akikimbia huku na huko katika uwanja wa magari wa hospitali ya chuo kikuu anakofundisha, akitafuta pa kuumalizia moto ulio ndani yake, na mwenzake mmoja akiwa pamoja naye. Polisi anawasimamisha na kuwauliza wanafanya nini saa ile. Mwenzake anajibu kwamba wote wawili ni walimu wa idara ya magonjwa ya akili. Polisi anatabasamu na kwenda zake, kana kwamba jawabu lile limeeleza kila kitu. Twacheka, na katika kucheka twasahau kwamba tunamwangalia mgonjwa.

Twacheka tena anapotusimulia manunuzi yake. Alinunua visanduku 12 vya dawa ya kuumwa na nyoka, akiona ni jambo la haraka lisiloweza kungoja. Alinunua vito na samani asizozihitaji. Alinunua vitabu 20 vya kampuni ya Penguin, ambayo nembo yake ni ndege wa baridi, kwa kuwa alifikiri ingependeza ndege wale wapate kukaa pamoja kama jamii. Aliona akilini mwake kwamba amesafiri hata kwenye sayari ya Zohali. Lakini kicheko chetu hakidumu. Kaka yake, mtu wa elimu ya uchumi, anafika, na wawili hao wanakaa sakafuni katikati ya hati za madeni wakizipanga moja moja. Kaka amekopa fedha ili amlipie dada yake madeni. Hapo ndipo mwandishi anapotudai bei ya raha ile tuliyoshiriki. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini dhiki imekuja, na haikuja peke yake.

Mambo hayo yalitokea mwaka 1974, miezi michache tu baada ya Jamison kuajiriwa kufundisha katika idara ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka huo huo alianza kutumia dawa ya lithiamu.

Hapa yapasa tusimame kidogo na kuitazama dawa hiyo, kwa maana katika kitabu hiki ina nafasi kama ya mhusika. Lithiamu ni madini mepesi, na mgonjwa huyapewa kwa namna ya chumvi. Mwaka 1949 tabibu wa Australia, John Cade, alitangaza kwamba chumvi hiyo imewatuliza wagonjwa 10 waliokuwa katika hali ya kupanda. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtu wa miaka 51, aliyekaa katika fujo ya akili kwa muda wa miaka 5. Alipata nafuu, akatoka hospitali, akarejea kazini. Kisha akaacha dawa, na ugonjwa ukamrudia. Tazama basi: historia ya dawa hii na historia ya kuikataa zilizaliwa pamoja. Mtu huyo alikufa mwaka 1950, naye hakufa kwa ugonjwa wake bali kwa sumu ya dawa yenyewe, maana wakati ule haikuwa desturi kuipima katika damu. Kuanzia mwaka 1954 tabibu wa Denmark, Mogens Schou, na wenzake waliithibitisha kazi ya dawa hiyo kwa majaribio yaliyopangwa vizuri zaidi. Marekani iliiruhusu rasmi mwaka 1970. Jamison, basi, aliipokea ikiwa na miaka 4 tu ya ruhusa nchini mwake.

Akaipokea, kisha akaiacha. Akairudia, kisha akaiacha tena. Huyu ni mtu aliyewafundisha wengine kwamba dawa isiachwe. Hakukosa maarifa, hakukosa fedha ya kuinunua, wala hakukosa tabibu mwema. Katika miaka hiyo alianguka katika sonona kuu iliyokaa zaidi ya mwaka, akajaribu kujiua akiwa na umri wa miaka 28, akaokolewa. Mhubiri angalisema kwamba alikuwa mkaidi. Jamison hajitetei, bali anaeleza sababu zake moja moja, na hizo ndizo kurasa bora za kitabu chake.

Sababu ya kwanza ilikuwa mwili. Kipimo cha dawa alichopewa kilikuwa kikubwa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Kilimtapisha na kumtetemesha. Zaidi ya hayo kilimwondolea uwezo wa kusoma. Mtu aliyeishi kwa vitabu alikaa miaka mingi akisoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kukumbuka alichosoma. Baadaye kipimo kilipopunguzwa uwezo huo ulimrudia, na furaha ya kurudi kwake imeandikwa kwa namna inayomfanya msomaji ashukuru kwamba anaweza kusoma. Sababu ya pili ilikuwa kiburi cha jamaa: walilelewa kuamini kwamba mtu hushinda taabu zake kwa nguvu ya nafsi yake. Dada yake mkubwa, ambaye naye alikuwa na giza lake, aliihesabu dawa kuwa ni kushindwa, naye alisema hivyo waziwazi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Aliyapenda majira ya kupanda. Alikuwa ameonja wepesi wa mawazo, wingi wa maneno, ujasiri na kukosa usingizi kusiko na uchovu. Na mtu aliyeonja hayo, akirudishwa katika hali ya kawaida, hajioni kuwa amepona, bali hujiona kuwa amepunguzwa. Watu huja kumpongeza kwa kupona, naye moyoni anafanya matanga ya mtu aliyekuwa yeye mwenyewe. Kwa kuwa tabibu hamwoni maiti, hajui kwamba kuna matanga. Hilo ndilo jambo ambalo kitabu cha utabibu hakiwezi kutuonyesha. Kitabu cha utabibu kitasema kwamba wagonjwa wengi huacha dawa, nacho kitasema kweli. Lakini hakitatufanya sisi wenyewe tutamani, japo kwa kurasa kumi, kuiacha. Jamison ametufanya tutamani. Ndiyo sababu alitutia katika raha yake kwanza.

Kutokana na hayo anatoa fundisho la uganga lenye hekima. Vidonge huzuia ugonjwa, lakini havimtibu mtu kutotaka vidonge. Hilo hutibiwa kwa mazungumzo ya miaka mingi na tabibu anayesikiliza. Na mazungumzo peke yake, hata yawe matamu namna gani, hayauzuii ugonjwa kurudi. Kila kimoja kinamhitaji mwenzake. Maarifa ya leo hayajalipindua fundisho hilo. Dawa zimeongezeka, kama valproeti, lamotrijini na kwetiapini, kila moja na fadhila yake na hatari yake: valproeti, kwa mfano, yaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Imejulikana pia kwamba mgonjwa wa baipola akipewa dawa za sonona peke yake aweza kusukumwa katika hali ya kupanda. Usingizi wa saa za kawaida umehesabiwa kuwa ni sehemu ya tiba. Lakini lithiamu haijaondoka, kwa kuwa pamoja na kutuliza hupunguza hatari ya kujiua. Hutakiwa kupimwa katika damu, na kwa kawaida kipimo chake hukaa baina ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, ikipita 1.5 hatari huanza. Sisi wa nchi za joto yatupasa kujua kwamba jasho jingi, kuharisha, kutapika na hata kuacha chumvi ghafula kwaweza kuipandisha dawa hiyo katika damu. Na mgonjwa anayenuia kufunga Ramadhani yafaa aseme na tabibu wake kabla ya mwezi kuandama.

Sasa nageukia jambo linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha, yaani majina. Ugonjwa huu umebadilishwa jina mara nyingi. Mwaka 1854 tabibu Falret wa Paris aliuita wazimu wa mzunguko. Mwaka 1899 Emil Kraepelin, Mjerumani, aliuunganisha kupanda na kushuka katika ugonjwa mmoja na kuuita kwa majina ya pande zake zote mbili. Mwaka 1980 kitabu cha mwongozo cha chama cha matabibu wa akili cha Marekani kiliweka jina la baipola, lenye maana ya ncha mbili. Jamison halipendi jina hili jipya. Kwake yeye lapunguza uzito wa ugonjwa, tena ladanganya, maana ladokeza kwamba ncha mbili zimetengana, hali mgonjwa mara nyingi huzionja zote kwa saa moja. Alipendelea jina la zamani, lenye kutaja wazimu na majonzi pamoja, kwa sababu halikuficha kitu.

Ubishi huu watufaa, kwa kuwa hata sisi tuna maneno yetu nayo si maneno bure. Neno kichaa tunalitumia kwa ugonjwa na kwa mgonjwa pia, kana kwamba hakuna tofauti. Tena ndilo neno tunalolitumia kwa maradhi ya mbwa aumaye. Mtu akisha kuitwa kichaa, hana siku ya kupona: jina limemfunga. Lakini tunayo pia njia nyingine ya kusema, nayo ni ya kale. Twasema wazimu umempanda. Katika ngoma za pepo za pwani, yule aliyepandwa huitwa kiti, na pepo ndiye anayekalia. Simtaki msomaji aamini pepo. Namtaka aitazame sarufi. Katika msemo huo mtu ni mtu na ugonjwa ni ugonjwa. Ugonjwa hupanda na ugonjwa hushuka, na kiti hubaki kiti. Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka kama huu, sarufi ya wazee wetu ina ukweli zaidi kuliko jina la kichaa, na ina huruma zaidi pia.

Atakayekitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili atakutana na mashaka hayo katika jina lake tu. Mwanzoni nimeliandika Akili Isiyotulia, lakini sikuridhika nalo. Waingereza wana neno moja linaloyachukua mawazo na hisia pamoja. Kwetu akili hufikiri na moyo huhisi; na ugonjwa huu huanza moyoni, kisha ukapanda akilini. Tukisema akili, tumelisahau chimbuko. Tukisema moyo, msomaji atadhani ni habari ya mapenzi. Naona neno nafsi, ambalo ni mtu mzima na vyote vilivyomo ndani yake, ndilo linalokaribia zaidi. Nafsi Isiyotulia, basi. Na mwenye neno bora na alilete.

Limebaki jambo moja ambalo kwalo nina ugomvi kidogo na Jamison. Mwaka 1993, miaka miwili kabla ya kitabu hiki, alitoa kingine kiitwacho Touched with Fire, alimofuatilia uhusiano wa ugonjwa huu na vipaji vya washairi na wasanii. Humo aliwapima watu waliokufa zamani kwa barua zao, habari za jamaa zao na kumbukumbu za wakati wao. Hakusema kwamba kila mshairi ni mgonjwa, wala kwamba kila mgonjwa ni mshairi. Lakini marehemu hawezi kuulizwa maswali, na msomaji asiye mwangalifu huondoka na imani moja tu, kwamba wazimu ni mama wa ushairi. Imani hiyo ina ladha tamu, nayo imeua watu.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mshairi Robert Lowell wa Marekani, ambaye ugonjwa wake haukukisiwa na mtu baada ya kufa kwake, bali ulijulikana na matabibu wake akiwa hai. Jamison mwenyewe alimwandikia kitabu kizima mwaka 2017. Lowell alilazwa hospitali mara nyingi. Mwaka 1967 alianza kutumia lithiamu, na baadaye alimweleza mchapishaji wake kwa majonzi kwamba huenda taabu zake zote, na zile alizowatia wengine, zilitokana na kukosekana kwa chumvi kidogo tu. Kwa elimu ya tiba hakusema sawa, maana ugonjwa huu si upungufu wa lithiamu mwilini. Lakini majuto yake yaeleweka. Na je, dawa iliuua ushairi wake? Kitabu chake The Dolphin kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Day by Day kilitoka mwaka 1977, mwaka aliokufa. Wasomaji wanaweza kubishana kama vitabu hivyo vyalingana na Life Studies cha mwaka 1959. Ila hawawezi kusema kwamba mtu yule alinyamazishwa. Nacho Life Studies chenyewe, kinachogusa habari za hospitali ya wagonjwa wa akili, kimepangwa kwa mkono uliotulia. Wazimu waweza kumpa mshairi habari ya kusimulia; kuipanga habari hiyo ni kazi ya utulivu.

Nalisema jambo hili kwa ukali kwa sababu nina deni. Nilipokuwa mwanafunzi tulikaa bweni moja na kijana aliyetunga mashairi. Muhula mmoja alianza kutugongea milango saa tisa za usiku ili atusomee beti zake. Hakulala kwa karibu majuma mawili. Tulikusanyika chumbani mwake, tukamsifu, tukasema ilhamu imemshukia. Hapana hata mmoja wetu aliyemuuliza amekula nini. Alipopelekwa hospitali kisha akarudi, alikuwa mpole na mzito, mikono ikitetemeka, na beti zake zilikuwa chache. Tulisema kwa masikitiko kwamba dawa zimemzima. Tulisema hivyo naye akiwapo. Kabla ya muhula kwisha aliziacha. Yaliyofuata sitayasimulia, kwa kuwa ni yake na ya jamaa zake. Yatosha kusema kwamba hakumaliza masomo pamoja nasi. Hapana aliyemwambia aache dawa. Tulimwonyesha tu kwamba tulimpenda zaidi alipokuwa mgonjwa. Nilipokisoma kitabu cha Jamison miaka mingi baadaye, nilielewa tulichokifanya: matanga yake yalikuwa mazito ya kutosha, nasi tukaja kuyaongezea kilio.

Kitabu hiki hakikosi kasoro. Kwanza, mwandishi wake alikuwa na kaka wa kumkopea, wenzake waliomlinda kazini, na tabibu aliyempigia simu usiku. Anakiri bahati hiyo, lakini kukiri si sawa na kutuonyesha maisha ya asiyekuwa nayo. Lithiamu imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ila kuwamo katika orodha si kuwamo katika kabati la zahanati, na dawa inayotaka damu ipimwe haiwezi kutembea mahali ambapo maabara haipo. Kitabu cha mgonjwa wa namna hiyo, aliyefungwa kamba na jamaa zake kwa mapenzi na hofu, bado changoja mwandishi. Na huenda lugha yake ikawa Kiswahili.

Pili, mwishoni Jamison anajiuliza kama angepewa hiari angeuchagua ugonjwa huu. Anajibu kwamba kama lithiamu isingalikuwapo, au kama isingalimfaa, asingeuchagua kabisa. Lakini maadamu ipo na yamfaa, angeuchagua, kwa kuwa umempa kuhisi na kupenda kwa kina zaidi. Ni jawabu la kishujaa, na ni lake. Walakini naogopa kwamba wasomaji vijana hulikumbuka jawabu na kulisahau sharti lake. Lithiamu haimfai kila mgonjwa. Sharti ndilo uzito wote wa sentensi ile, na ningependa mwandishi mwenye ufundi kama wake angaliliweka mahali ambapo jicho halitaliruka.

Kasoro hizo haziondoi thamani ya kitabu. Kuna mahali tabibu mmoja, asiyemjua sana, alimwambia Jamison kwamba mtu mwenye ugonjwa wake hafai kuzaa. Alitoka humo, akaketi akalia. Neno moja la mjinga mwenye cheo lilimwumiza zaidi ya madhara mengi ya dawa. Kitabu kizima ni jawabu kwa tabibu yule, na kwa bweni letu pia. Rubani wa sura ya kwanza alibaki katika ndege akafa ili wengine wapone. Jamison alitua. Kutua kwake kulimgharimu mbingu alizozipenda, na kila siku anapomeza kidonge anatua tena. Sisi tunaosoma na kuhakiki hatuwezi kumwandikia mgonjwa dawa. Lakini twaweza kujifunza kumsifu mtu kwa kutua kwake kama tulivyozoea kumsifu kwa kuruka.